Kuiongezea Nyumba ya Kale Ukumbi wa Maonyesho: Mweiga na Majirani Zake

Barabara ya Nyeri kwenda Nyahururu inapopita Mweiga, magharibi kuna Nyandarua, ile safu ya milima ambayo ramani za Waingereza ziliiita Aberdare, na mashariki, kukipambazuka bila mawingu, kuna Mlima Kenya. Walowezi waliogawiwa ardhi pande hizi, baadhi yao askari waliopewa mashamba baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walijua thamani ya mandhari. Nyumba zao za mawe ziliwekwa kwenye mteremko, veranda mbele, dohani ubavuni, jiko na vyumba vya watumishi nyuma kabisa. Baadhi ya nyumba hizo zilishabomolewa zamani. Nyingine zimekuwa hoteli, shule au ofisi za mashamba. Aberdare Country Club, mahali wageni wanapoanzia safari ya kwenda hoteli ya The Ark msituni, ilianza kama nyumba ya mlowezi.

Makala haya yanaeleza kazi moja: jinsi nyumba ya aina hiyo inavyoweza kuongezewa ukumbi wa maonyesho, ya sanaa au ya historia, na ikabaki nyumba. Mifano itatoka Mweiga na Nyeri, na kwingineko pia.

Kwa nini vyumba vya zamani havitoshi

Tuchukue sebule ya kawaida, mita 4 kwa 5. Mzunguko wa kuta zake ni mita 18. Ondoa milango miwili, madirisha mawili ya mita moja na nusu, na dohani ya mita 2. Zimebaki mita 11 na ushei, tena vipande vipande, na hakuna kipande kinachoweza kubeba mchoro wa mita 3 ukapumua pande zote. Nyumba hujengwa ili watu waingie, watoke na wachungulie nje. Ukumbi wa picha unataka kuta zisizokatizwa, na watu waelekezwe ndani. Ugomvi wa mahitaji haya mawili ndio unaozaa wazo la kuongeza.

Lakini si lazima kuongeza. Nairobi Gallery, penye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ni jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, mahali ambapo vizazi, ndoa na vifo vilisajiliwa. Leo vyumba vyake vimepokea hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa mwaka 1966 na mkusanyaji mkubwa wa sanaa ya Afrika. Hakuna aliyelibandika jengo hilo ubavu mpya. Vitu vilichaguliwa kulingana na kuta zilizopo. Msanifu mwaminifu humwuliza mwenye nyumba swali hili kabla ya kuchukua penseli: je, ukipunguza vitu, bado unahitaji jengo?

Wakati mwingine jibu huwa ndiyo. Paxtu, nyumba ndogo iliyo ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan mjini Nyeri, inaonyesha sababu. Ilijengwa mwaka 1938 kwa ajili ya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na mkewe Olave. Jina lake linachezea lile la makao yao ya Uingereza, Pax Hill. Baden-Powell alifariki hapo tarehe 8 Januari 1941. Baada ya hapo, kuanzia mwaka 1947, alikaa humo Jim Corbett, mwindaji na mwandishi aliyetoka India, pamoja na dada yake Maggie, hadi alipofariki mwaka 1955. Baden-Powell na Corbett wamezikwa kwenye makaburi yaleyale ya Kianglikana mjini. Sasa nyumba hiyo ni makumbusho, na maskauti wa nchi mbalimbali wanaofika huacha skafu na beji zao. Ukusanyaji wa namna hii hauna mwisho: kila kundi la wageni huongeza. Nyumba ya wazee wawili haikupimwa kwa mzigo huo.

Hata hivyo, msanifu asipime ukumbi kwa siku ya 22 Februari, siku ya kuzaliwa kwa Baden-Powell, ambapo maskauti humiminika Nyeri. Siku moja ya umati inatatuliwa kwa turubai bustanini. Ukumbi upimwe kwa Jumanne ya kawaida.

Njia tatu za kuongeza

Ya kwanza ni kurefusha nyumba yenyewe: ukuta uleule, paa lilelile, mawe yanayofanana, hadi mgeni asijue la zamani liliishia wapi. Wenye nyumba wengi huipenda hii kwa kuwa inaonekana ya heshima. Kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inaidanganya nyumba kuhusu ukubwa wake. Nyumba ya vyumba vitano ikigeuzwa ya vyumba kumi imepoteza kipimo chake, na kipimo ndicho kilichokuwa kikimweleza mgeni kwamba hapa aliishi mtu mmoja na familia yake, si shirika. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo huurejelea dunia nzima, unakataa nyongeza zinazovuruga sehemu zenye thamani za jengo, uwiano wake au mazingira yake, na unataka kilichorekebishwa kitambulike kuwa si cha awali.

Ya pili ni kujenga pembeni na kuunganisha kwa ujia mwembamba. Mfano unaosifiwa sana ni Louisiana, makumbusho ya sanaa ya Humlebæk, Denmark, yaliyofunguliwa mwaka 1958. Katikati yake kuna jumba la karne ya 19 ambalo mwenyewe aliliita kwa jina la wake zake: alioa mara tatu, na wote watatu waliitwa Louise. Wasanifu Jørgen Bo na Vilhelm Wohlert hawakuligusa sana jumba. Walilifanya mlango, kisha wakatandaza njia za vioo na mbao zikipita katikati ya miti hadi kwenye kumbi mpya za chini, zisizopanda juu ya paa la zamani. Mgeni anaanza nyumbani kwa mtu, na kabla hajajua yuko kwenye makumbusho.

Kwetu wazo hili si geni. Lamu, familia ilipokua au binti alipoolewa, nyumba mbili ziliunganishwa kwa wikio, chumba kinachoruka juu ya kichochoro. Nyumba zilibaki mbili. Kilichoongezwa ni daraja.

Ya tatu ni kutenganisha kabisa, jengo jipya likasimama kivyake ng'ambo ya ua. Hapa boma la Mkikuyu lina la kusema kuliko vitabu vya Ulaya. Mtu alipohitaji nafasi zaidi hakuivimbisha nyumba. Alijenga nyingine: nyumba ya mke, thingira ya mume, ghala la nafaka, kila moja na kazi yake na mlango wake, na ua katikati ukiziunganisha. Ua ndio uliokuwa sebule. Kwenye shamba la Mweiga, ambako ardhi si shida kama mjini, njia hii ndiyo rahisi kuhalalisha: nyumba ya kale haitobolewi hata tundu moja, na ikitokea miaka hamsini baadaye ukumbi hautakiwi tena, unaondolewa bila kuacha jeraha. Hasara yake ni mvua. Mgeni atakayevuka ua mwezi Aprili ataloana, na vitu vinavyohamishwa kutoka jengo moja hadi jingine vitaloana naye, isipokuwa pawe na njia ya kuezekwa.

Jua la ikweta na picha za ukutani

Vitabu vya usanifu vilivyoandikwa Ulaya humwagiza msanifu afungue madirisha ya ukumbi wa sanaa upande wa kaskazini, kwa kuwa huko jua halifiki. Agizo hilo likiletwa Mweiga lilivyo linachoma picha. Mweiga haijafika hata nusu digrii kusini ya ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua hupita karibu utosini. Mwezi Juni, adhuhuri, linakuwa limeegemea kaskazini kwa digrii 23 na ushei. Desemba linahamia kusini kwa kiasi kama hicho. Kwa hivyo hakuna ukuta usioonja jua. Tofauti ni kwamba kaskazini na kusini hupata jua la juu, ambalo upenu unaliweza, ilhali mashariki na magharibi hupata jua la chini, linaloingia chini ya upenu wowote na kumulika ukuta wa pili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Dirisha la upande wa kaskazini lenye kimo cha mita 1 linahitaji, mwezi Juni, upenu uliotokeza kama sentimita 45 ili jua la adhuhuri lisiguse kioo. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri jua limeinama zaidi, na upenu unaotakiwa unafika sentimita 60 na kidogo. Ikiwa badala ya dirisha kubwa utaweka ukanda wa vioo wa nusu mita juu kabisa, chini ya dari, sentimita 35 za upenu zinatosha kwa saa hizo zote, na ukuta mzima chini yake unabaki huru kwa picha. Nyumba za walowezi zilikuwa na penu ndefu kwa sababu ya mvua. Mjenzi wa leo anayeweka paa lisilo na upenu ili jengo lionekane la kisasa ameukata mkono uliokuwa ukimkinga.

Kiasi cha mwanga kina vipimo vinavyokubalika kimataifa. Karatasi, nguo na rangi za maji zisipate zaidi ya laksi 50; rangi za mafuta huvumilia laksi 200. Jua kali la mchana hutoa kama laksi 100,000, yaani mara 2,000 ya kile skafu ya pamba inachostahimili. Madhara ya mwanga hujumlika na hayarudi nyuma: skafu iliyopauka haipumziki sandukuni ikarudisha rangi. Tena nyanda hizi ziko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale ya urujuanimno inavyokuwa mikali. Vioo vyenye utando wa kuizuia si anasa hapa, na vitu vya nguo vionyeshwe kwa zamu, miezi michache nje na miaka kadhaa gizani.

Hapa ndipo mandhari inapoleta mtihani. Kila mwenye nyumba anataka ukumbi mpya utazame Mlima Kenya. Mlima uko mashariki, na mashariki ndiko jua la asubuhi linakotokea likiwa limelala, saa zilezile ambazo kilele huonekana. Dirisha kubwa la mlima ni dirisha kubwa la kupausha picha. Afadhali mlima uachiwe veranda ya nyumba ya kale, mahali ulipotazamwa tangu mwanzo, nao ukumbi uupe mgongo. Kama lazima uonekane, uonekane kutoka kwenye ujia wa kuunganisha, ambako hakutundikwi kitu.

Unyevu unahitaji maneno machache. Julai na Agosti ukungu hukaa, nguo hazikauki kwenye kamba, na mbao hunywa maji ya hewani; Januari na Februari zinakauka. Fremu na turubai huumia zaidi kwa kupandishwa na kushushwa ghafla kuliko kwa unyevu wa wastani usiobadilika. Kuta nzito za mawe, milango miwili mfululizo pale pa kuingilia, na paa lenye dari na nafasi ya hewa juu yake hupunguza mawimbi hayo bila mashine. Mashine ya kurekebisha hewa inayozimika kila stima inapokatika ndiyo inayoleta mabadiliko ya ghafla. Na moto wa dohani, hata kama wageni wanaupenda, usiwashwe chumba chenye picha.

Pale jipya linapokutana na la zamani

Mradi wa namna hii hufaulu au kuharibika mahali penye upana wa mkono mmoja: kwenye kiungo.

Tuanze chini. Nyumba iliyosimama miaka 80 au 90 imeshatulia kwenye udongo wake. Jengo jipya litashuka kidogo miaka ya kwanza, vyovyote liwavyo. Ukilifunga kwenye ukuta wa kale kwa nondo na simiti, litaburuta ukuta huo, na ufa utapanda kutoka pembe ya dirisha hadi kwenye paa. Kwa hivyo msingi mpya uwe wake, ukuta wake usimame peke yake, na kati ya viwili hivyo uachwe mwanya wa sentimita chache unaofunikwa kwa bati lililokunjwa, lililoshikwa upande mmoja tu ili likubali kusogea. Udongo mwekundu wa miteremko ya Nyandarua ni mpole. Ukishuka kuelekea tambarare za Kieni utakutana na vipande vya udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka ukame ukija. Huko fundi asiyechimba hadi apate mwamba au udongo mgumu anajenga jengo litakalocheza kila msimu.

Ukuta nao una siri. Kampuni ya East African Portland Cement ilianza mwaka 1933 na Bamburi mwaka 1951. Kabla simiti haijawa rahisi kupatikana, si ajabu nyumba ya mawe ya mashambani ikawa imeshikwa kwa udongo au chokaa, na simiti ikapakwa kwenye viungo vya nje tu. Ukuta wa aina hiyo hupumua: maji yaliyoingia hutokea kwenye viungo. Fundi akija akaukandika plasta ya simiti tupu ili ulingane na ukumbi mpya, maji hayapati pa kutokea. Yanakula jiwe kutoka ndani, na baada ya misimu michache plasta inabanduka na uso wa jiwe. Kabla ya kuchanganya chochote, chokonoa kiungo kimoja kwa msumari mahali pasipoonekana. Kikimong'onyoka kama chaki au udongo mkavu, tumia mchanganyiko wa chokaa, dhaifu kuliko jiwe lenyewe.

Kisha juu. Paa mbili zenye mwinamo zikikutana hutengeneza bonde, na bonde hukusanya majani. Mvua ya njahi, ile ya Machi hadi Mei, haisubiri mtu apande kusafisha gata. Kiungo chenye paa tambarare, cha chini kuliko penu za pande zote mbili, huepusha bonde hilo: kila paa humwaga maji yake upande wake. Hii ndiyo faida ya kifundi ya ujia mwembamba kama ule wa Louisiana, na ndiyo maana naupendelea hata pale pesa zinapokuwa chache. Ujia wa mita 3 wa nguzo za mtarakwa na vioo unagharimu chini ya kuutibu ukuta unaovuja kwa miaka ishirini. Mtarakwa wenyewe hauliwi na mchwa kwa urahisi, na nyumba nyingi za zamani za nyanda za juu ziliezekwa kwa vigae vyake.

Kuhusu mwonekano, wasanifu hubishana bila kuchoka. Ninachoweza kusema ni kwamba jiwe la kuchonga kwa mkono na jiwe lililokatwa kwa mashine hayawezi kufananishwa. La pili lina uso laini na mistari iliyonyooka mno. Ukitumia la mashine ubavuni mwa la mkono, halitaonekana kama ndugu bali kama mwigaji. Heri mbao, au plasta nyeupe isiyojifanya. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1930 yakiitwa Coryndon, yalipopanuliwa kati ya 2005 na 2008 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, yalipewa majengo mapya ambayo hayakujaribu kuvaa nguo za miaka ya 1930.

Sheria

Nyumba ikishatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa mnara wa kihistoria chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, hakuna ruhusa ya kuibadilisha bila idhini, hata kama hati ya ardhi ni yako. Isiyotangazwa inalindwa na busara ya mwenyewe tu, na nyingi za Mweiga zinaweza kuwa katika kundi hili. Katiba ya 2010 imegawa kazi: minara ya umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, makumbusho kama huduma kwa umma yako chini ya kaunti. Ramani za ujenzi huidhinishwa na kaunti pia. Mwenye mradi afike Nyeri na michoro mikononi mapema, kabla msingi haujachimbwa.

Upande wa nyuma

Wapi basi uwekwe ukumbi? Mbele pana veranda na mandhari. Ubavuni pana dohani na bustani. Jibu la kifundi karibu kila mara huwa nyuma, kwenye ua wa jikoni, kwa kuwa huko ndiko kunakoonekana kidogo. Lakini ua wa jikoni haukuwa mahali patupu. Ndiko walikoishi na kufanya kazi wapishi, yaya, mafundi bustani na wachunga farasi, wanaume wakilazimishwa tangu miaka ya 1920 kuvaa kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Wenyeji wanaoishi jirani na nyumba hizi leo ni wajukuu wao, si wajukuu wa mlowezi.

Kubomoa jiko la nje na vyumba vya watumishi ili kupisha ukumbi ni kufuta nusu ya historia iliyoifanya nyumba iwe na la kuonyesha. Vibanda hivyo vilijengwa kwa gharama ndogo na huonekana havina thamani, ndiyo maana huwa vya kwanza kubomolewa. Ramani nzuri huviacha, huvitengenezea paa, na kuuweka ukumbi mpya ng'ambo ili ua uzungukwe pande tatu. Mgeni akiingilia uani badala ya verandani, anakutana na nyumba kama walivyokutana nayo watu wengi zaidi walioifahamu. Historia ya watu hao haikuishia uani: Nyeri ilikuwa kitovu cha vita vya Mau Mau dhidi ya wakoloni. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alikamatwa huko Oktoba 1956. Ukumbi wa Mweiga wenye vitu vya mwenye nyumba peke yake utakuwa na wageni wa basi la watalii, na wanafunzi wa shule za jirani watapitishwa humo mara moja tu.

Jambo la mwisho la ramani ni moto. Hoteli ya Treetops ya awali iliteketezwa mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau. Paa ya Paa, ukumbi wa sanaa ulioanzishwa Nairobi mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau na wenzake, uliungua mwaka 1997 na kazi nyingi zikapotea. Nyumba ya Mweiga yenye vigae vikavu vya mbao, nyaya za umeme za zamani na mikaratusi jirani haihitaji adui. Ujia wa kuunganisha uwe na mlango unaostahimili moto, ili upande mmoja ukishika mwingine upate muda. Nyaya za nyumba ya kale zibadilishwe kabla za ukumbi hazijavutwa. Maji yatoke juu ya paa la ukumbi mpya: mita mraba 150 za mabati hukusanya hadi lita 1,500 kwa mvua ya milimita 10, na tangi la lita 10,000 hujaa mapema msimu ukianza. Tangi la zimamoto liwe la peke yake, na bomba lake lisiunganishwe na la kumwagilia bustani.